Mjomba anasema anthropolojia ni kusomea ngoma. Je, niombe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), naishi Tabora mjini. Natamani kuomba shahada ya kwanza yenye anthropolojia. Mjomba, ambaye ndiye aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza, anasema hiyo ni kozi ya kusomea ngoma na matambiko, na kwamba nitarudi nyumbani na cheti cha kutundika ukutani. Isitoshe, mimi ni mkimya sana. Naomba kujua: kinachosomwa hasa ni nini, kina tofauti gani na sosholojia (elimu ya jamii), na kazi zipo? Nitashukuru ukinijibu mapema, maana nyumbani tuko kwenye vikao vya harusi ya dada na muda wa kuomba vyuo unakwisha.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mjomba salamu zangu, na usimkasirikie. Anthropolojia ni somo la binadamu, yaani jinsi watu wanavyoishi na kuhusiana, na bila kujua ametuanzishia somo hilo.

Umeandika "mjomba". Hukuhitaji kunieleza kwamba ni kaka wa mama, neno lenyewe limemaliza kazi. Watoto wake unawaita mabinamu. Na watoto wa baba mdogo? Hao ni kaka na dada zako, na ukiwaita mabinamu mbele ya wazee utaulizwa unawatenga kwa nini. Sasa sikiliza. Mwaka 1871 mwanasheria wa Marekani aitwaye Lewis Henry Morgan alichapisha kitabu kinene cha majedwali ya maneno ya ujamaa aliyoyakusanya pande nyingi za dunia. Kilichomwingiza katika kazi hiyo ni kuwasikia majirani zake wa New York, Wairokwa, wenyeji asilia wa huko, wakimwita kaka wa baba "baba" na dada wa mama "mama", huku kaka wa mama na dada wa baba wakiwa na majina ya peke yao. Aliona ni ajabu. Wewe usingeona ajabu yoyote, maana ndivyo ulivyolelewa: baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa, mama mdogo, kisha mjomba na shangazi kando. Ninapochora ubaoni pembetatu za wanaume, duara za wanawake na alama ya sawasawa kuonyesha ndoa, mwanafunzi aliyekulia Tabora hulielewa jedwali hilo kabla sijaweka chaki chini.

Pengine utasema: kama nalijua tayari, nikalisomee nini? Kwa sababu unalijua kama unavyojua kutembea. Hujawahi kuulizwa magoti yanafanyaje.

Fikiria mtu aliyepita mtaani kwenu na dodoso lililoandaliwa mbali: "Una ndugu wangapi?" Aliyelitunga alikuwa na maana ya waliozaliwa na baba na mama mmoja. Wewe unahesabu na wa baba mdogo. Jirani yako anahesabu wa tumbo moja tu, kwa kuwa kuna ugomvi wa shamba. Mwishoni namba zinajumlishwa, zinachapishwa kwenye ripoti yenye jalada zuri, na hakuna aliyesema uongo. Neno "kaya" lina balaa hilohilo. Kwenye tafiti nyingi kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mzee mwenye wake wawili na majiko mawili ni kaya ngapi? Na kijana anayekula kwa mama lakini analala kwa bibi, ahesabiwe wapi?

Mimi mwenyewe nililipia ada ya somo hilo. Nilipokuwa mwaka wa pili tulipelekwa wiki tatu katika kijiji kimoja cha Rufiji. Nikafika kwa mama mmoja aliyekuwa anatwanga, nikamwuliza mkuu wa kaya ni nani. Akamtaja mumewe. Nikaandika jina, umri, elimu, kazi: mfanyabiashara, Dar es Salaam. Nikaona siku imekwenda vizuri. Jioni mwalimu wetu akasoma daftari langu akaniuliza, huyo mume umemwona? Sikumwona. Aliondoka lini? Sikuuliza. Kesho yake nikarudi. Mume alikuwa na mwaka wa sita hajatia mguu pale. Mpunga ulilimwa na mama, ada zilitoka kwa mama, na mbuzi aliyeuzwa mwezi uliopita aliuzwa na mama baada ya kushauriana na dada yake. Nikamwuliza, sasa kwa nini ulinitajia mumeo? Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto wa mjini. "Wewe uliuliza mkuu. Hukuuliza nani anaendesha nyumba."

Yule mama hakunidanganya. Aliniambia mambo yanavyopaswa kuwa, na swali langu ndilo lililoomba hivyo. Kuna watu wanavyosema inafaa iwe, kuna wanavyosema wanafanya, na kuna wanavyofanya. Miaka mitatu ya shahada hii, ukiisoma vizuri, ni mazoezi ya kuyaona hayo matatu kwa pamoja, bila kumwona mtu yeyote mjinga au mwongo, na kuyaandika daftarini yakiwa bado ya moto. Nadharia zitakuja, na nyingine ni ngumu, lakini aliyehitimu bila daftari la uwanjani lililojaa amepata kile mjomba alichokisema, cheti cha ukutani. Hapo nakubaliana naye kabisa.

Kuhusu sosholojia. Tofauti ya zamani ilikuwa ya aibu kidogo: wasomi wa Ulaya waliposoma viwanda na miji yao waliita sosholojia, walipokwenda kusoma vijiji vya wengine wakaiita anthropolojia. Mpaka huo umefutika. Kilichobaki ni tabia ya kazi. Kwa chumvi kidogo, mwanasosholojia huwauliza watu elfu moja maswali ishirini, mwanaanthropolojia hukaa na watu ishirini hadi awe amewauliza maswali elfu moja, mengi yao bila kufungua mdomo. Desturi hiyo ya kukaa ilipata nguvu kwa Bronislaw Malinowski, Mpolandi aliyeishi visiwa vya Trobriand, katika Bahari ya Pasifiki, kati ya 1915 na 1918, akajifunza lugha na kuweka hema lake katikati ya kijiji badala ya kuwaita wazee barazani kwa mkoloni.

Maana wengine barazani ndiko walikokaa, na hili utalisikia darasani, kwa hiyo afadhali ulisikie kwangu kwanza. Miaka ya 1930 huko Iringa, mwanaanthropolojia Gordon Brown na afisa wa serikali Bruce Hutt walifanya jaribio: afisa anauliza maswali ya utawala, mtaalamu anatafuta majibu kwa Wahehe. Wakalichapisha mwaka 1935. Baadaye Tanganyika ilikuwa na Hans Cory, aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kukusanya sheria za mila, Wasukuma wakiwemo. Kazi zao zina mambo mengi ya maana, mimi nazisoma hadi leo, lakini bwana aliyelipa mshahara alikuwa anataka kutawala. Ndiyo maana baada ya uhuru jina hili lilinuka. Archie Mafeje, Mwafrika Kusini aliyeongoza sosholojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1969 hadi 1971, aliandika mwaka huo wa 1971 kwamba kueleza kila jambo la Afrika kwa "ukabila" ni itikadi iliyokuja na ukoloni. Mwenyewe alisomea anthropolojia, kwa hiyo alijua anachokikosoa. Basi somo likaingia ndani ya nyumba ya sosholojia na kukaa humo. Leo Dar es Salaam na Makerere masomo haya mawili yako katika idara moja yenye majina yote mawili. Nairobi ilipita njia nyingine, kupitia taasisi ya taaluma za Kiafrika iliyoanza mwaka 1970, ambayo baadaye iliingiza anthropolojia katika jina lake.

Lakini usije ukaamini kwamba fani hii ni ya wageni tu. Mwaka 1903, zaidi ya miaka kumi kabla Malinowski hajaiona Trobriand, kilichapishwa Ujerumani kitabu cha Kiswahili kuhusu desturi za Waswahili. Sehemu kubwa yake iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Humo kuna uzazi, jando, ndoa, mazishi, na ngoma ziko, mjomba afurahi. Ila kuna pia utumwa, sheria na misafara ya bara. Kama hujakisoma, kitafute kabla ya kitabu kingine chochote. Jomo Kenyatta naye alisoma London chini ya Malinowski huyohuyo, na kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wagikuyu ni hoja ya ardhi iliyovaa nguo za kitaalamu. Msome, kisha ujiulize nani katika jamii ile hakupewa nafasi ya kusema.

Mifupa na mawe nitapita haraka. Marekani utakuta anthropolojia imebeba pia akiolojia (elimu ya mabaki ya kale), isimu (elimu ya lugha) na mabadiliko ya mwili wa binadamu. Kwetu hazikai pamoja: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiolojia ina idara yake. Kama kinachokuvutia ni nyayo za watangulizi wa binadamu za Laetoli, karibu na Ngorongoro, zenye umri wa miaka milioni 3.6, au kazi ya Kamoya Kimeu, Mkenya aliyegundua mabaki ya kale ya kijana wa Turkana mwaka 1984, basi omba akiolojia moja kwa moja.

Sasa nadharia. Chukua hiyo harusi ya dada yako. Bila shaka kuna kamati, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kuna kundi la WhatsApp lenye orodha ya majina, ahadi na alama ya aliyelipa. Kuna kadi ya mtu mmoja na kadi ya wawili. Wahenga wamesema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Marcel Mauss, Mfaransa aliyeandika kuhusu zawadi mwaka 1925, angekaa kwenye kikao chenu na kuwabishia wahenga kwa adabu. Yeye alisema zawadi ina wajibu watatu: kutoa, kupokea na kurudisha, na anayeukata mmoja anakata uhusiano. Mama yako, nina hakika, ana daftari au ana kichwa kinachofanya kazi ya daftari: fulani alinichangia kiasi gani nilipofiwa, fulani alileta nini kwenye kipaimara. Anayekataa kuchanga anakumbukwa. Anayechanga kupita kiasi naye anakumbukwa, maana amewafanya wengine waonekane wadogo. Na jaribu kumrudishia mtu mchango wake kesho yake asubuhi, shilingi kwa shilingi. Umemtukana.

Kwa hiyo mchango si zawadi, si mkopo, si kodi, ila una kidogo cha kila kimoja. Mtu wa benki akiangalia anaona familia isiyo na akiba inateketeza mamilioni kwa usiku mmoja. Ukikaa na daftari la mama unaona akiba ipo, imewekwa ndani ya watu, na itatolewa siku ya msiba au ya ada. Je, ni akiba nzuri? Hilo linabishaniwa. Kuna wasio na cha kuchanga wanaoacha kuhudhuria hata misiba kwa aibu, na mimi nadhani wanaoisifu sana michango hawajakaa na watu hao. Lakini angalia tumefika wapi kutokana na kadi ya harusi. Hiyo ndiyo kazi ya nadharia, na mtihani utakuuliza hivyo, kwa Kiingereza.

Hapo pa Kiingereza nikuonye. Mihadhara na vitabu ni Kiingereza, lakini watu utakaokaa nao watasema Kiswahili au Kinyamwezi. Andika maneno yao kama walivyoyasema. Ukishatafsiri "heshima" papo hapo, umeshapoteza salamu, kanga, sauti ya chini na kutomtazama mkwe machoni, vyote vilivyokuwamo ndani ya neno. Tafsiri ifanyike mezani, baadaye.

Umesema wewe ni mkimya. Hiyo ni mali. Mwanafunzi ninayemwogopa ni yule mchangamfu anayemalizia sentensi za wazee. Mfano wa nyumbani kwenu: utani. Wanyamwezi mna watani wengi hadi pwani, na wengi huuhusisha na safari za misafara. Miongoni mwa waliouandikia utani wa Tanganyika makala za kitaalamu mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Mtu wa ndege! Sidhani ni ajabu. Aliyezoea kukaa kimya hadi kiumbe kisahau kwamba anatazamwa ana nusu ya ujuzi tayari.

Nusu nyingine ni kustahimili kuchekwa. Ukifanya utafiti kwenu, watu watakuambia, "Wewe si wa hapa? Hujui?" na huwezi kujibu kwamba hujui kwa nini mke wa kaka hatajwi jina. Dawa ninayowapa wanafunzi ni kuacha kabila na kuchukua kazi: kijiwe cha bodaboda, saluni, mama lishe, kikundi cha vikoba. Huko wewe ni mgeni kweli, ingawa uko mtaa wa pili. Na barua ya chuo uipeleke kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa kabla hujafungua daftari. Wapo waliofukuzwa wakidhaniwa ni watu wa kodi.

Kazi. Tangazo lenye kichwa "Anatakiwa mwanaanthropolojia" utaliona mara chache mno. Kazi ipo ndani ya kazi nyingine. Iliyo wazi zaidi ni afya. Ebola ilipoenea Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, timu zilizovaa mavazi ya plastiki zilibeba maiti na kuondoka nazo, na familia zikaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku. Wanaanthropolojia walikuwa miongoni mwa waliosaidia kueleza kwamba maiti haiwezi kuchukuliwa kama taka, na mwishoni mwa mwaka huo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukazungumzia mazishi salama na yenye heshima: ndugu washirikishwe, dua isomwe, kaburi lijulikane. Kati ya 2018 na 2020 ugonjwa ulipowakumba watu wa Beni na Butembo, Kongo mashariki, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, maneno ya watu, shutuma na uvumi vilikusanywa na kusomwa kama data, ijapokuwa zaidi ya watu 2,200 walifariki. Kazi ya namna hiyo inaendelea katika taasisi za utafiti wa afya hapa kwetu, kwa malaria, chanjo na uzazi.

Ya pili ni miradi mikubwa inayohamisha watu. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na njia ya aina hiyo hukutana na mashamba, visima na makaburi. Tanzania ina sheria ya kuhamisha makaburi tangu 1969, kwa hiyo kaburi lina utaratibu wake. Lakini mti wa tambiko usio na kaburi chini yake? Mhandisi anaona mti. Mthamini anauandikia bei ya mti. Lazima awepo mtu wa kukaa na wazee siku tatu na kujua nani ana haki ya kuusemea, maana atakayejitokeza wa kwanza mara nyingi siye. Mwambie mjomba kwamba matambiko anayoyacheka yana watu wanaolipwa kuyafuatilia.

Kisha kuna ufuatiliaji na tathmini katika mashirika, ambako ajira ni nyingi kiasi lakini za mikataba mifupi. Hapo wanataka mtu anayeweza namba pia. Soma takwimu hata kama unazichukia, na kama chuo kinakuruhusu kuchukua somo la ramani za kompyuta, lichukue. Serikalini, jina la shahada lina uzito kuliko ulichokisoma. Matangazo ya maafisa maendeleo ya jamii hutaja fani zinazokubalika, na elimu ya jamii, yaani sosholojia, hutajwa zaidi kuliko anthropolojia. Yatafute ya miaka mitatu iliyopita, uyasome kabla ya kujaza fomu. Kwa mtu mwenye shaka ya ajira kama wewe, ningechagua shahada ya sosholojia inayobeba masomo mengi ya anthropolojia ndani yake. Na usichanganye na ustawi wa jamii, ile ni taaluma nyingine yenye mafunzo yake.

Ukipiga simu chuoni usiulize ada tu. Uliza: mwanafunzi anakwenda uwanjani wiki ngapi, mwaka upi, na daftari lake linasomwa na nani? Wakikujibu kwamba "inategemea", omba kwingine.

Wakati unasubiri majibu, una uwanja nyumbani. Waambie wanakamati unafanya mazoezi ya masomo ili wasikuone mbea. Kikao kijacho kaa karibu na mweka hazina, usiandike pale pale, ila usilale kabla hujaandika nani alikaa wapi, nani aliahidi baada ya nani, nani alitajwa ilhali hayupo. Majina yabadilishe. Siku nyingine mwulize mjomba kama ana fungu lake katika mahari ya dada yako, linaitwaje, na kwa nini apewe yeye na siyo baba mdogo. Akianza kueleza, usimkatize.